Tulioulamba Mlima wa Lukenda

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye mtaani kwetu Katuba ananiuliza swali lilelile: "Solange, ni kweli ulilamba mlima?" Ndiyo, ni kweli. Nimeamua kuandika mara moja kwa ajili ya wote, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo huwa narudi nyuma kurekebisha, halafu narekebisha marekebisho, na chakula kinapoa. Mnanijua. Mimi ndiye ninayefunga mlango, nikaenda hadi njia panda, nikarudi kuushika mlango kuona kama kweli umefungwa. Mtu wa namna hiyo hafai kupewa mlima auamue. Lakini nilipewa.

Lubumbashi: namna nilivyoitwa

Mnakumbuka ule mwaka. Bomba kubwa la kiwanda cha shaba liliacha kutoa moshi, na sisi tuliokuwa tukilalamika kuhusu ule moshi tukaanza kuutafuta angani kama mgonjwa wetu. Maduka yalikuwa yameporwa, walimu hawalipwi, na wanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa, ambao hawakuwa wakipata hata posho ya kula, walikuwa wametandika vitabu vyao kando ya barabara na kuviuza. Mimi nilikuwa nawauzia mandazi. Siku moja mmoja wao alikosa hela akanipa kitabu badala yake: kamusi ya mawe, ya Kifaransa, bila jalada, iliyochanika mwishoni. Inaanza na herufi A na inakatika katikati ya S.

Ndiyo shule yangu yote ya mawe. Nilikisoma kama wengine wanavyosoma sala za novena. Jumapili baada ya misa nilikwenda na nyundo ya baba kando ya reli, nikivunja na kulinganisha. Mawe yanayoanza na A mpaka R nayajua vizuri. Ya baada ya hapo, Mungu anajua.

Baba, ambaye alifanya kazi ya reli mpaka reli ikaacha kumlipa, alijivunia jambo hili kuliko lilivyostahili. Alimwambia kila mtu. Habari ikapanda treni, ikashuka Kibombo, ikaingia msituni hadi kijiji cha Kalunde, ambako dada yake, shangazi Hortense, ameolewa. Na kutoka Kalunde ukarudi ujumbe kwa mdomo wa fundi wa treni: watu wamepata jiwe la kijani kwenye mlima Lukenda. Kuna mtu anataka kulichimba, anasema ni shaba. Chini ya Lukenda kuna chemchemi, na ndiyo maji yao pekee safi, maana mto umeshaharibiwa na wachimbaji wa bati. Shangazi amemwambia chifu asubiri kwanza: "Niko na mutoto wa kaka yangu ku Lubumbashi, anajua majibwe." Aje aseme.

Sikulala vizuri. Sikuogopa safari. Niliogopa lile neno "anajua".

Baba alinipa ushanga wa malakiti kwa ajili ya dada yake, lile jiwe la shaba, la kijani lenye mistari, tunaloliona hapa kila siku mpaka hatuliangalii. Mimi nikafunga nyundo, kamusi, na chupa ya siki, kwa sababu kamusi inasema jiwe la shaba ya kijani likiguswa na kitu kichachu linatoa povu dogo.

Kupanda kaskazini: Bukama na Kamina

Treni iliondoka, nalisema hili kwa heshima, kwa sababu kuondoka kwenyewe kulikuwa muujiza. Behewa letu lilikuwa na watu, magodoro, mbuzi wawili, mashine ya kushonea, na mlango uliofungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la chumvi la mtu mmoja mnene mwenye miwani, aliyeniangalia mpaka nikaona aibu.

"Binti," akasema, "weye unaikalia biashara yangu."

"Pardon, papa. Nitasimama."

"Kaa. Ikikaliwa na mutu mwepesi haiharibike. Ingekuwa ule mama pale, ningelia."

Ndivyo nilivyomjua papa Muhindo. Alitoka Kivu ya Kaskazini, anauza chumvi na sabuni kwa jumla, zamani alikuwa na lori mpaka wanajeshi wakaliazima, kwa maneno yake, "kwa maombi". Kila chakula alikiombea sala ndefu, akitaja ndugu, wateja, madaraja mabovu na afya ya kichwa cha treni. Sisi Wakatoliki tulikuwa tunamaliza ishara ya msalaba na kungoja huku bukari, ugali wetu, ikipoa.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Kumwona tantine," nikasema, maana shangazi ndivyo tunavyomwita.

"Na weye, papa?" nikamrudishia.

"Kuona wateja."

Wote wawili tulisema ukweli, na wote wawili tulificha. Zama zile mtu hakumwambia mwenzake wa treni anakwenda kufanya nini.

Dirishani niliona vitu ambavyo kamusi haiwezi kuonyesha. Vichuguu vyetu vikubwa kama nyumba, vya udongo mwekundu, vilipungua kidogo kidogo. Vile vilima vyenye upara ambapo mti hauoti kwa sababu ya shaba iliyomo ardhini, na majani madogo yenye maua ya buluu yanaota bila wasiwasi, navyo vikaisha. Kisha Bukama, na mto Lualaba umetandaa kwenye matope meusi. Wanawake wakaja na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Nilimwambia papa Muhindo kwamba kila nchi tunayopita ina jiwe lake chini, na watu wanakula kulingana na jiwe hilo: hapa matope, kwa hiyo samaki, kwetu shaba, kwa hiyo mshahara.

"Na sasa mushahara haiko," akasema.

"Haiko."

"Basi heri samaki."

Kamina tulikwama. Wanajeshi walichukua kichwa cha treni kwenda kuvuta kitu ambacho hakuna aliyeambiwa ni nini. Watu wakashuka, wakapanga mafiga kando ya reli, na kijiji kikazaliwa. Kulikuwa na kinyozi, kanisa la asubuhi, ugomvi wa ndoa, na bibi mmoja aliyeanza kupanda mchicha. Nilipomwuliza kama anaamini tutakaa mpaka uote, akasema anaamini katika mchicha.

Hapo ndipo askari mmoja alipofungua mfuko wangu. Akatoa nyundo. Akatoa vipande viwili vya mawe nilivyookota kituo cha Tenke.

"Hii ni nini?"

"Mawe tu, chef. Haina kitu."

Nilikosea hapo, na mtu wa Lubumbashi angejua. Kwetu mnunuzi yeyote wa madini huanza kwa kusema "haina kitu" ili ashushe bei. Neno hilo ni sawa na kupiga kengele. Watu wote wa behewa letu wakanigeukia. Kadiri nilivyoapa kwamba mawe hayana thamani, ndivyo macho yalivyozidi kung'aa. Bwana mmoja akajitolea kunisaidia kulinda mfuko kwa nusu ya faida. Askari akachukua mawe yote mawili. Kisha akaiona chupa ya siki, akainusa, akasema "Mvinyo!", akapiga funda moja refu.

Nawaambia sijawahi kuona uso ukikunjamana hivyo. Alinirudishia chupa tupu, maana alikuwa amemwaga iliyobaki kwa hasira.

"Mvinyo yenu ya Katanga," akasema, "iko mubaya sana."

Kongolo: samaki

Kichwa cha treni kilirudi. Tukapita Kabalo, tukafika Kongolo, ambako Lualaba inabanwa kati ya kuta za mawe, na maji yaliyolala tangu Bukama yanaamka na kupiga kelele. Nilisimama mlangoni nikishika kamba. Jiwe gumu likikataa kupisha mto, mto unageuka mwembamba, na watu hawawezi kupita na mashua, na kwa hiyo wakajenga reli, na kwa hiyo baba yangu akapata kazi, na kwa hiyo mimi nipo. Nilifikiri hivyo kwa furaha kubwa, mpaka mama mmoja akanivuta sketi.

"Mwana, utaanguka, na sisi tutachelewa tena."

Kongolo papa Muhindo alinunua samaki wa moshi, bunda zima kwenye majani. Kwa kuwa alishaona jinsi ninavyokagua kila kitu, mpaka kijiko ninakikagua pande zote mbili, aliniletea kwanza.

"Ingénieur," akasema, yaani mhandisi, maana ndivyo alivyoniita tangu Kamina, "angalia kama iko muzuri."

Nilimnusa mmoja. Nikanusa mwingine. Nikafungua tumbo la wa tatu nikaangalia kwenye jua. Nikanusa tena bunda lote. Nikasema kwa sauti ya mtaalamu: "Iko muzuri kabisa, papa."

Kumbukeni hilo.

Kibombo hadi Kalunde: msituni

Kaskazini ya Kongolo miti inasogea. Mwanzoni inasimama mbali na reli, kisha inakaribia, kisha unatambua kwamba hujaona upeo wa macho tangu asubuhi. Kwangu mimi ilikuwa shida, maana msituni jiwe halionekani. Limefunikwa na majani, mizizi, matope, na juu yake kuna mti, na juu ya mti kuna mti mwingine. Watu wanaupenda msitu kwa miti yake. Mimi nilikuwa nakaa nikijiuliza kuna nini chini.

Kibombo nilishuka, nikatafuta mtu wa baiskeli wa kunipeleka Kalunde. Nyuma yangu nikasikia sauti ileile ya sala:

"Kijana, nibebee hii magunia mpaka Kalunde."

Tuliangaliana. Papa Muhindo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena kama vile ningebadilika.

"Tantine yako iko Kalunde?"

"Na wateja wako, papa, wako Kalunde?"

"Weye njo ule mutoto wa Lubumbashi anajua majiwe?"

"Na weye njo ule mutu wa shaba?"

Mimi ndiye, naye ndiye. Alianza kucheka kwanza. Mimi nilichelewa kidogo. Tungefanya nini? Njia ilikuwa moja. Tukaenda pamoja, yeye na magunia yake kwenye baiskeli mbili, mimi na mfuko wangu kwenye moja, na mvua juu ya wote. Kwenye madaraja ya magogo tulishuka na kusukuma. Tulipopumzika alifungua bunda la samaki, akaombea njia, waendesha baiskeli, "na huyu binti ambaye ni adui yangu, umupe afya", tukala. Waendesha baiskeli walikataa. Walisema wao wana mihogo yao. Ningepaswa kuwauliza kwa nini.

Kalunde: ulimi

Shangazi Hortense ni baba yangu aliyevaa kitenge. Alinikumbatia, akanizungusha, akalia, akaniambia nimekonda, yote kwa pumzi moja. Nilimpa ushanga. Akauvaa papo hapo. Kisha akanipeleka kuchota maji.

Chemchemi iko ubavuni mwa Lukenda. Maji yanatoka kwenye mstari, kama yametiwa rula: juu ya mstari kuna jiwe jeupe lenye nyufa nyingi, chini yake jiwe la kijani, laini, lenye matabaka. Maji yenyewe ni baridi na hayana ladha ya kitu chochote. Wanawake wanachota, watoto wanaoga chini zaidi, na chini kabisa maji yanaingia kwenye ule mto wa rangi ya matofali.

"Njo haya tu tuko nayo," alisema shangazi. "Wakichimba hapa, tutakunywa ile."

Baada ya hapo tukaitwa mbele ya chifu. Alikuwa mtu wa makamo aliyevaa fulana ya timu ya mpira, na hakuwa na papara. Papa Muhindo alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema ataleta watu, vyuma, atatengeneza madaraja, chumvi itafika, dawa itafika. Vijana waliitikia kwa vichwa, na siwalaumu. Wakati ule chumvi yenyewe ilikuwa sikukuu.

Chifu akanigeukia. Mtu akaweka mbele yangu kipande cha jiwe la kijani.

Nilikichukua. Kilikuwa na vumbi, rangi haionekani sawasawa. Basi nikafanya kitu ambacho kila mtu anayeshika mawe kwetu hufanya bila kufikiri, tangu wachimbaji hadi wauzaji wa vinyago vya malakiti sokoni: nikakilamba, ili rangi itoke.

Shangazi akashika kinywa.

Jiwe liliteleza kama sabuni. Halikuwa na mistari ya malakiti, wala uzito wake. Nikasema: "Hii haiko shaba."

Chifu aliinama mbele. "Umeweka Lukenda kwenye ulimi," akasema polepole, "na umesema."

Kumbe Kalunde mtu akigombania jambo zito anaapa kwa kuweka udongo wa Lukenda ulimini. Akisema ukweli, anakaa mzima mpaka siku ya soko. Akisema uongo, tumbo linamshika kabla ya soko, na neno lake linatupwa. Mimi nilikuwa nimetazama rangi. Wao waliona kiapo.

Papa Muhindo hakukubali kuachwa nyuma. Alinyakua jiwe, akafumba macho, akalilamba kuliko mimi, akasema: "Na mimi nasema, iko shaba! Mbele ya Mungu!"

Watu wakashangilia. Haijawahi kutokea wawili kulamba kwa jambo moja. Chifu akasema basi vizuri, soko litaamua.

Kungoja soko

Na sasa rudini Kongolo, kwenye lile bunda la majani.

Ilianza alfajiri kwa mngurumo mdogo. Nikajiambia ni hofu. Mimi na hofu tumeishi nyumba moja miaka mingi, najua sauti yake. Haikuwa hofu. Nilitoka nyumbani kwa shangazi kwa mwendo wa heshima, na nilipofika kwenye migomba nikaacha heshima. Nikazunguka nyuma ya shina kubwa, na pale, akiwa amejishika magoti na miwani imening'inia sikio moja, alikuwa papa Muhindo.

Akairudisha miwani puani ili anione vizuri.

"Binti," akasema kwa sauti ya chini, "na weye?"

"Ni ile samaki, papa."

"Ulinusa mwenyewe! Ulinusa yote!"

"Nilinusa."

"Ingénieur wa samaki," akasema kwa uchungu, na akalazimika kuondoka haraka.

Tulipokutana tena, kila mmoja amepauka, alinipendekezea mapatano. Hakuna kusema. Kila mtu avumilie, acheke, atembee wima mpaka soko. Nilikubali, nikampa majani ya mpera achemshe, maana hata kama ni adui alikuwa ananiombea.

Lakini nilipokuwa nimelala ndani, shangazi akinipa uji na kuwaambia majirani kwamba nimechoka na safari, wazo moja lilinikalia kifuani. Mtu aliyesema samaki ni wazuri kabisa ndiye aliyesema jiwe si shaba. Kwa ulimi uleule, na kwa uhakika uleule! Malakiti naijua, iko kwenye M. Lakini hili jiwe ni nini? Nilifungua kamusi, nikapitia tena kurasa zote mpaka mahali inapokatika. Halimo. Je, kama ni aina ya shaba inayoanza na herufi nisizonazo? Na tusipougua mbele za watu, viapo viwili vinavyopingana vitasimama vyote, na chifu ataamua mwenyewe. Chifu alikuwa anapenda madaraja. Na mmoja wetu akianguka kabla ya mwenzake, basi chemchemi ya Kalunde itakuwa imeamuliwa na utumbo.

"Tantine," nikasema, "naomba kitu kibaya."

"Sema."

"Ushanga wako. Punje moja niivunje."

Aliushika shingoni. Ulikuwa kitu cha kwanza kutoka kwa kaka yake tangu alipoolewa. Aliukata uzi kwa meno.

Siku ya soko

Nilisimama mbele ya watu nikishikilia meza ya muuza mihogo.

"Chifu," nikasema, "tumbo linaniuma tangu juzi."

Wakapiga mayowe. Vijana wakainua mikono. Papa Muhindo alinikazia macho kama mtu anayeona mkopo wake ukizama.

"Na yeye linamuuma," nikaongeza.

"Mwongo!" akasema papa Muhindo, kisha akashika tumbo, kisha akakaa chini. "Kweli," akasema.

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia hata harusini. Chifu mwenyewe alijifuta machozi kwa fulana. "Sasa Lukenda imewakataa wote wawili," akasema, "mimi nifanye nini?"

"Ni samaki, chifu, si Lukenda," nikasema. "Naomba uache matumbo yetu. Nipe ndimu, vikombe viwili, na misumari miwili."

Nilisaga punje ya malakiti, nikaiweka kikombe kimoja. Nikasaga jiwe la Lukenda, nikaliweka cha pili. Nikakamua ndimu. Kikombe cha malakiti kilitoa povu dogo, na maji yakaanza kugeuka kijani kibichi. Cha pili kilinyamaza. Misumari niliisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, nikasema shaba ikiwemo itaushika msumari, nikawaomba papa Muhindo na chifu waitumbukize wenyewe. Kisha tukangoja. Watu walinunua mihogo, wakarudi kutazama, wakaenda, wakarudi. Mimi nilikuwa nasali kwa watakatifu wa kila herufi.

Papa Muhindo ndiye aliyeitoa. Msumari wa ushanga ulikuwa mwekundu, umevaa ngozi nyembamba ya shaba. Aliugusa kwa kidole, akakwangua, akanusa. Kisha akautoa wa Lukenda. Ulikuwa na rangi yake ileile ya chuma.

Akaishika yote miwili, mmoja mkono huu, mmoja ule.

"Haiko shaba," akasema. Kisha, bila kuinua kichwa: "Mama Hortense, hii ushanga yako ingine, unauzisha?"

Ningependa safari iishie hapo. Lakini kijana mmoja akasema, si kwa ubaya, "Basi mulima haiko na kitu." Na mwenzake: "Tuuvunje tu, tupate majiwe ya kutengeneza njia." Watu wakaitikia. Nikatambua kwamba ni maneno yangu. Nilikuwa nimeyabeba kutoka Lubumbashi: haina kitu. Nimemshinda mtu wa shaba na nimeukabidhi mlima kwa nyundo.

Sikuwa na hotuba. Nilichukua bamba la jiwe la kijani lililoletwa na yule kijana wa njia, nikaliweka limeinama kidogo juu ya udongo mkavu. Juu yake nikapanga vipande vya jiwe jeupe, chungu nzima. Nikamwaga juu jagi la maji. Maji yakapotea kati ya mawe meupe. Wakangoja. Yakatokea pembeni, juu ya lile bamba, kwenye mstari, matone, kisha uzi. Mama mmoja akasema, "Aa! Njo kisima yetu!"

Nikachomoa bamba la kijani. Nikamwaga jagi la pili.

Hakikutoka kitu. Udongo ulikunywa yote.

Chifu alitazama doa lile la maji likikauka. Kisha akaliokota bamba, akampa yule kijana wa kutengeneza njia.

"Mwana," akasema, "rudisha ile jiwe kule uliitoa."

Nyumbani

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, na kule Kamina yule bibi alikuwa anavuna mchicha. Papa Muhindo alibaki Kalunde, akauza chumvi yote, akaondoka na punje mbili za ushanga na rafiki mmoja zaidi kwenye sala zake.

Hapa nilikwenda Kasapa na kipande cha Lukenda, nikamwonyesha mwanafunzi aliyekuwa bado hajauza kitabu chake. Akanisomea. Jiwe hilo linaanza na T: talki. Linasagwa kuwa poda ya watoto, na kuna watu wanaolinunua. Nilirudi nyumbani nikaifunga kamusi yangu, nikashukuru kwa mara ya kwanza mahali ilipokatika. Ningelijua jina lake kule Kalunde, ningeulizwa, na ningewaambia kwamba lina wanunuzi, mnanijua.

Wiki iliyopita fundi wa treni alimletea baba habari. Wamekuja watu wengine Kalunde, na magari, wanasema wamesikia kuna jiwe. Chifu hawafukuzi. Anawaambia tu sheria ya pale ni kwamba anayetaka Lukenda lazima ailambe kwanza na angoje soko. Mpaka sasa hakuna aliyefika siku ya soko akiwa mzima.

Na kabla ya kulamba, kwa kuwa wametoka mbali, shangazi Hortense anawakaribisha chakula. Ana samaki wa moshi, bunda zima, aliloachiwa na papa Muhindo.